Visanduku Vitatu Mbele ya Ziwa Kivu

Ingia darasa lolote la sekondari kati ya Kavumu na Katana, Kivu Kusini, siku ya kemia, utakuta ubaoni mchoro uleule: visanduku vitatu vya chaki. Cha kwanza kimejaa vitone vilivyobanana kwa mistari. Katika cha pili vitone vimelegea na mistari imevurugika. Cha tatu kina vitone vinne au vitano, kila kimoja na njia yake. Chini yake, kwa Kifaransa, yameandikwa majina ya hali tatu za maada: yabisi, kimiminika na gesi. Mwanafunzi ananakili, anakariri, na siku ya mtihani anarudisha kama alivyopewa.

Nina ugomvi na mchoro huu. Sisemi ni wa uongo. Nasema umeacha nje jambo ambalo mtoto wa Katana analihitaji kuliko mtoto wa Lubumbashi au wa Dodoma. Gesi inaweza kukaa ndani ya maji, nyingi ajabu, kwa mamia ya miaka, bila kutoa hata povu moja juu. Na ziwa linaloonyesha hivyo kuliko karibu maziwa yote ya dunia liko hapo chini, ukiteremka hadi Kabamba ambako boti za kisiwa cha Idjwi hupakia watu na mizigo. Kivu lina kina cha mita 485. Gesi iliyomo, kama ingetolewa yote ikaachwa kwenye hewa ya kawaida, ingejaza takriban kilomita za ujazo 300 kwa upande wa kaboni dioksidi na 60 kwa upande wa methani. Kandokando yake wanaishi watu wapatao milioni mbili.

Nimewaketisha basi watu watano waujadili mchoro huo. Watu nimewatunga mimi, lakini hoja zao ndizo zinazobishaniwa darasani, sokoni na ufukweni: mwalimu wa kemia, mvuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza, mama anayepika kasiksi, yaani pombe ya ndizi, laborantini wa hospitali, na kijana wa mwaka wa sita anayejiandaa kwa mtihani wa taifa.

MWALIMU: Mimi nautetea mchoro. Nina darasa la watoto wengi, sina maabara, nina chaki. Kwa visanduku vile nawapa mambo matatu makubwa kwa robo saa: kwamba kila kitu kimeumbwa kwa chembe, kwamba chembe zinavutana, na kwamba hazitulii kamwe. Katika jiwe kila chembe inatetemeka mahali pake, majirani wameishika. Katika maji zinashikana pia, ila zinateleza na kupishana, ndiyo maana maji yanafuata umbo la chungu. Katika hewa kuvutana kumeshindwa na mwendo. Molekuli ya naitrojeni humu chumbani inakimbia karibu mita 500 kwa sekunde, na katika sekunde hiyo inagongana na wenzake mabilioni ya mara. Mtoto asiyeshika hayo, utamwambia nini kuhusu ziwa?

MVUVI: Mwalimu, nakuheshimu, umewafundisha watoto wangu. Lakini hivyo vitone umeviona? Mimi nikisema sambaza wapo, navuta wavu tunahesabu. Wewe unachora kitu ambacho hujakiona, halafu mtoto anapata alama kwa kukubali.

Mvuvi ana haki yake. Swali lake liliwagawa hata wakubwa wa sayansi. Wilhelm Ostwald, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1909, alizikataa atomu kwa miaka mingi akisema ni dhana tu ya kurahisishia hesabu, na alibadili msimamo karibu na mwaka huohuo baada ya ushahidi kumlemea. Ushahidi wenyewe ni wa kazi anayoijua laborantini.

LABORANTINI: Papa, njoo asubuhi moja utazame kwenye hadubini. Wakati wa kipindupindu tunaletewa choo cha mgonjwa, naweka tone juu ya kioo. Wadudu wenyewe wanakimbia, wanakata njia moja kwa moja kama wanaofukuzana. Lakini ndani ya tone hilohilo mna uchafu mdogo sana, usio na uhai, nao pia hautulii. Unatetemeka, unasogea huku, unarudi kule, haufiki popote. Mwanafunzi mgeni anapiga kelele kwamba ameona wadudu. Kitu cha kwanza tunachomfundisha ni kutofautisha: huyu anaogelea, huyu anasukumwa.

KIJANA: Anasukumwa na nini, dada?

LABORANTINI: Na maji. Hakuna kingine mle ndani.

Mskoti Robert Brown aliliona jambo hilo mwaka 1827 alipotazama punje zilizotoka kwenye chavua ndani ya maji. Mwaka 1905 Albert Einstein akapiga hesabu: ikiwa molekuli za maji zinaipiga punje kutoka pande zote, tena bila mpangilio, basi itakuwa imesogea kiasi fulani kila dakika. Tangu mwaka 1908 Jean Perrin akawa Paris akipima punje za utomvu chini ya hadubini, akakuta zinasogea kama hesabu ilivyodai, na kutokana nazo akakadiria idadi ya molekuli zenyewe. Nobel yake ilikuja mwaka 1926. Kwa hiyo jibu la swali la mvuvi ni kwamba chembe hazikukubaliwa kwa heshima ya mwalimu. Zilihesabiwa kwa alama ya mapigo yake, na alama hiyo ipo katika hospitali yoyote yenye hadubini. Kwangu mimi hii ndiyo dosari ya kwanza ya visanduku: vimechorwa vimetulia, na utulivu ndio kitu pekee ambacho chembe hazina.

KIJANA: Hapo ndipo ninapopotea. Kama hazitulii, na kama ziwa lina gesi chini, kwa nini gesi haijapanda ikaisha? Mamia ya miaka imekaa pale, kila molekuli inahangaika, na hewa ipo juu inangoja.

MWALIMU: Kwa sababu mwendo si safari. Ndani ya maji molekuli ya methani inagongwa kila upande, inakwenda na kurudi. Nipe ubao. Kusogea sentimita moja kwa kusukumwa hivyo kunaichukua karibu saa tisa. Umbali ukiwa mara mia, muda unakuwa mara elfu kumi: mita moja ni miaka kumi hivi. Mita mia moja ni miaka laki moja.

KIJANA: Laki moja!

MWALIMU: Kwa kukisia. Na gesi nyingi iko chini ya mita 260.

Nataka msomaji akae kidogo na hesabu hiyo. Ndiyo inayoeleza kwa nini ziwa tulivu linaweza kuhifadhi kitu kinachotaka kuondoka. Kinachoweza kukisafirisha ni maji yenyewe kupanda na kushuka, na hapa Kivu limejifunga. Chini kabisa maji yana joto zaidi kuliko katikati, kwa kawaida yangepanda. Lakini chemchemi zinazotoka kwenye miamba ya volkeno zimeyatia chumvi na kaboni dioksidi, na vyote viwili huyafanya maji yawe mazito. Methani huyapunguzia uzito kidogo, ila inashindwa. Kwa hiyo maji ya moto yamelala chini ya maji ya baridi, yamebanwa na uzito wake yenyewe. Waliopima kwa vyombo vyepesi kuhisi wamekuta joto haliongezeki polepole kadiri unavyoshuka. Linaongezeka kwa vidato, mamia ya vidato, kila kimoja tabaka jembamba, kwa kuwa joto husambaa majini karibu mara mia haraka kuliko chumvi. Kuna ngazi nzima chini ya mitumbwi yetu.

MVUVI: Ngazi sijaiona, lakini mwisho wake wa juu naujua. Kamba ikishuka mbali sana inarudi na harufu ya yai bovu. Sambaza hawaendi huko.

LABORANTINI: Hawawezi, Papa. Oksijeni inakoma kwenye mita sitini na kitu. Chini yake hakuna samaki.

MAMA: Mnazungumza sana, na mimi jambo hili nalifanya kila wiki. Ndizi zikiiva tunazikamua na majani, tunachuja, tunatia mtama uliokaangwa na kusagwa, tunafunika. Siku ya pili kasiksi inachemka bila moto. Sasa nikiwa na haraka, nikajaza kibido, yaani dumu, na kukaza kifuniko, asubuhi tumbo lake limevimba, ukiligonga linalia ngumu. Lakini tazama ndani kwa mwanga: hakuna povu. Nilegeze kifuniko kidogo tu, fyuu! Povu linapanda kutoka chini, mahali ambapo sasa hivi hapakuwa na kitu.

MWALIMU: Mama ametoa somo zima. Kifuniko kikiwa kimekazwa, hewa ya kaboni iliyo juu ya pombe imejaa na inabana. Kila chembe inayotoka majini, nyingine inaingia. Ukilegeza, shinikizo linashuka, zinazorudi zinapungua, na zile zilizojificha kati ya chembe za maji zinatoka zote pamoja. Ziwani kifuniko ni maji yenyewe. Kila mita kumi unazoshuka zinaongeza shinikizo sawa na hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwenye kilindi ni karibu mara hamsini.

KIJANA: Basi ziwa letu ni kibido kilichovimba.

Hapo nambishia kijana, kwa kuwa hofu ya aina hiyo imewahi kusambazwa na watu wasiopima. Kibido cha mama kimejaa mpaka kwenye ukomo wake, ndiyo maana kinatoa povu mara tu kifuniko kinapolegea. Kivu halijafika. Hata pale gesi ilipo nyingi zaidi, shinikizo lake lote ni zaidi kidogo tu ya nusu ya shinikizo la maji yaliyo juu yake. Mtikisiko mdogo hauamshi kitu. Ili povu lizaliwe lazima maji ya kilindini yanyanyuliwe mbali, takriban hadi nusu ya kina chake, mahali ambapo uzito wa juu hautoshi tena kuyabana. Ila yakifika hapo jambo linageuka. Povu huyafanya maji kuwa mepesi, maji mepesi yanakimbilia juu, yakipanda yanatoa povu zaidi, na nyuma yake yanavuta mengine. Hayahitaji tena wa kuyanyanyua.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Nyos, Kamerun, usiku wa Agosti 21, 1986. Ziwa dogo likageuka, kaboni dioksidi ikamwagika mabondeni, watu zaidi ya 1,700 wakafa na mifugo yao. Miaka miwili kabla, watu 37 walikuwa wamekufa karibu na ziwa jingine la huko, Monoun. Na hivyo ndivyo Nyos lilivyotibiwa: mwaka 2001 likashushiwa bomba, maji yakavutwa kidogo kuanzisha, kisha yakaendelea kupanda yenyewe na kuruka juu, yakitoa gesi polepole badala ya kuitoa kwa mkupuo.

MVUVI: Mnanitisha bure. Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ilimwaga moto hadi ndani ya ziwa pale Goma. Tuliona mvuke. Ziwa lilipasuka? Halikupasuka. Na Mei 2021, walipowahamisha watu wa Goma wakisema moto uko chini ya mji mpaka chini ya ziwa, tuliwapokea wakimbizi huku Kivu Kusini, na ziwa lilinyamaza. Liacheni.

MWALIMU: Papa, lava ya 2002 iliganda karibu na ufuko, juu ya yale maji yenye gesi nyingi. Haikuyafikia. Hiyo haithibitishi kwamba hayaamki.

MVUVI: Wala wewe huna uthibitisho kwamba yataamka.

Kweli hana. Mwaka 2005 watafiti waliandika kwamba methani ilikuwa imeongezeka tangu vipimo vya miaka ya 1970, na habari hiyo ikatia hofu mikoa yote miwili ya Kivu na Rwanda. Mwaka 2020 wengine waliorudia kupima kwa vyombo vipya wakasema hawakuona ongezeko la maana. Sikiliza tofauti hiyo, msomaji: haikutokana na kelele ya upande mmoja, ilitokana na ugumu wa kuleta maji ya kilindini juu bila gesi kutoroka njiani. Ukivuta chupa juu, shinikizo linashuka, na kile unachotaka kupima kinaondoka kabla hujakipima.

LABORANTINI: Nami naomba kuongeza ugomvi wangu na kisanduku cha tatu. Kinasema gesi hujaza chombo chote. Basi mazuku?

MAMA: Usitaje mazuku usiku.

LABORANTINI: Lazima tutaje, Mama, yanaua. Kule Goma na Sake, kwenye mashimo ya mawe ya volkeno, kaboni dioksidi inatoka ardhini na kulala. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Mtoto anamfuata mbuzi. Mtu mzima aliyesimama juu anapumua vizuri, anainama kuokota, anaanguka. Mchoro wa Mwalimu unamwambia mtoto kwamba gesi inatawanyika. Mtoto mwerevu aliyekariri vizuri atashuka shimoni akiamini hivyo.

MWALIMU: Gesi inatawanyika kweli, lakini kwa muda wake. Molekuli ya kaboni dioksidi ina uzito wa 44, hewa ya kawaida kwa wastani 29. Ikitoka kwa wingi mahali pasipo na upepo inatiririka kwenda bondeni. Mgongano wa chembe unaichelewesha isichanganyike upesi. Jua likipanda na upepo ukavuma, inapungua. Ndiyo maana alfajiri ni mbaya zaidi.

LABORANTINI: Uliyasema hayo darasani?

MWALIMU: Mtihani hauyaulizi.

Jibu hilo la Mwalimu limenikaa moyoni kuliko yote. Si kosa lake. Anafundisha kile ambacho watoto watapimwa nacho, na mzazi aliyeuza mbuzi kulipa karo anataka diploma. Lakini umbali kutoka ubao wake hadi Lwiro, ambako kuna kituo cha utafiti kilichotokana na IRSAC, taasisi ya sayansi iliyoanzishwa mwaka 1947, ni mwendo wa mguu. Karibu na Katana kuna maji ya moto ya Kankule, yanayotoka ardhini yamepashwa joto na miamba. Na maji ya sufuria yanachemka huku kwenye nyuzijoto 95 hivi, wala si 100 kama kitabu kinavyosema, kwa kuwa tuko juu ya mita 1,460 na hewa inabana kidogo kuliko Mombasa. Kila mama wa hapa anajua maharage yanachelewa kuiva na makaa yanakwisha. Hajaambiwa kwamba sababu ni ileile inayoshikilia gesi ziwani: kiasi ambacho kilicho juu kinakibana kilicho chini.

KIJANA: Mimi nataka umeme. Ng'ambo pale Rwanda wanaichoma gesi ya ziwa hilihili. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilitumia methani tangu miaka ya 1960, na mtambo wa KivuWatt wa Karongi unatoa megawati 26. Sisi tunasomea tochi ya simu.

MVUVI: Na wakiharibu, samaki wa nani watakufa? Ziwa halina mpaka.

MWALIMU: Wanavyofanya ni hivi. Jukwaa linaelea, bomba linashuka mita 350 hivi. Maji yakishaanza kupanda yanajivuta, kama Nyos. Juu, povu linatenganishwa na maji. Kaboni dioksidi inayeyuka majini kwa urahisi kuliko methani, kwa hiyo gesi inaoshwa kwa maji, kaboni inabaki humo, methani inakwenda kuchomwa. Kisha maji yaliyotumika yanarudishwa ziwani.

MAMA: Yanarudishwa wapi?

Mama ameuliza swali ambalo wahandisi wamelibishania kwa miaka. Maji yaliyotolewa gesi yamebadilika uzito. Ukiyaachia juu mno, unapeleka chumvi, mbolea na harufu ile ya yai bovu kwenye maji ya sambaza, na unadhoofisha lile tabaka zito linalokifunga kilindi. Ukiyarudisha chini kabisa, unayachanganya na yale yenye methani na kupunguza nguvu yake kwa watakaovuna kesho. Mimi nasimama na wanaotaka yarudishwe chini, hata kama mavuno yatapungua, maana tabaka lile likishavurugika hakuna fundi wa kulipanga upya. Lakini niseme pia kwamba msimamo wa mvuvi, wa kuliacha ziwa kama lilivyo, si wa salama kwa milele. Gesi inaendelea kuingia kutoka chini, na kuitoa kwa uangalifu kunapunguza kile kinachoogopwa.

Na jambo hili haliko mbali na Katana. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi katika Ziwa Kivu: Makelele, Lwandjofu, na cha tatu Idjwi, jina la kisiwa kinachoonekana kutoka Kabamba asubuhi ukungu ukiondoka. Watakuja watu na ramani. Wataitisha kikao chini ya mti au kwenye jumba la parokia, watasema kuna mradi, kuna ajira. Nani atawauliza?

KIJANA: Sisi tuliosoma.

LABORANTINI: Umesoma visanduku vitatu, mdogo wangu. Nipe chaki nichore cha nne.

Akachora kisanduku kirefu, vitone vya maji vimebanana, na katikati yake vitone vya rangi nyingine, vichache juu, vingi chini. Kandoni akachora mshale unaoelekea chini, unaonenepa kadiri unavyoshuka. Mwalimu akautazama, akachukua chaki, akaongeza namba: 65 mahali oksijeni inapokoma, 260 mahali gesi inapozidi, 485 kwenye sakafu.

MVUVI: Na bomba lao la kurudishia maji linafunguka wapi hapo?

MWALIMU: Inategemea mkataba, Papa.

MVUVI: Basi siku wakija Kabamba nitawaonyesha mchoro huu, niwaambie waweke kidole kwenye namba. Wakiweka juu ya mita 260, sisaini. Na wakisema ni mambo ya wataalamu, nitamwita huyu Mama awaulize tena.